Desemba Uchagani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaopanda Mlimani kwa Krismasi na Mwaka Mpya

Novemba ikifika katikati, watu huanza kuniuliza yale yale: tiketi, baridi, mbege, zawadi ya mama mkwe, na kama ni kweli mtu akikosa kwenda mwaka huu atafutwa kwenye ukoo. Nimezaliwa upande wa Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, naishi Dar es Salaam, na Desemba nilizokosa kufika nyumbani nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Majibu haya ni kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa mjini, wakwe wapya na marafiki wanaoalikwa. Mengi ni ya Vunjo. Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi na Rombo wana ya kwao, na penye tofauti mfuate mwenyeji wako.

Kwa nini Desemba? Na huko "kuhesabiwa" ndiyo nini?

Kuhesabiwa ni maneno ya watani zetu, wanaosema Mchaga hurudi nyumbani Desemba ili akahesabiwe, lakini yana ukweli ndani yake. Mlima umejaa watu tangu zamani. Kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, hugawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi, mpaka mwingine anarithi kipande kisichotosha zizi na nyumba. Kutoka kwenda kutafuta maisha kwetu ni jambo la siku nyingi: ualimu, duka, gereji, ofisi. Ndiyo maana katika mitaa mingi ya Dar mwenye duka huitwa Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, hata kama si Mchaga, na ndiyo maana wiki ya mwisho ya Desemba unaweza kuzunguka mtaa mzima ukitafuta kiberiti.

Lakini kihamba hakiachwi. Wazee walio hai wako hapo, na waliotangulia wamelala hapo hapo kando ya nyumba, kati ya migomba. Anayerudi anawarudia wote.

Kuhusu mwezi wenyewe, mambo kadhaa yalikutana. Wamisionari walijenga mlimani miaka ya 1890, Wakatoliki wakianzia Kilema na Kibosho, Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, nao wakashika sehemu zao, na Krismasi ikawa siku ya kila nyumba. Shule zimefungwa. Kahawa kwa sehemu kubwa imeshavunwa. Kalenda nayo inasaidia: 9 Desemba ni Uhuru, 25 na 26 ni sikukuu, 1 Januari ni Mwaka Mpya, na 12 Januari ni Mapinduzi, kwa hiyo mtu mwenye likizo fupi akiipanga vizuri hupata siku nyingi. Pasaka ina uzito wake kanisani, ila huangukia masika, barabara za juu zikiwa tope tupu. Wala si sisi peke yetu. Wapare wa Same na Mwanga nao hupanda milima yao siku hizo hizo, na mabasi tunayogombania ni yale yale.

Na hesabu? Daftari hakuna. Ila bibi anajua. Jioni ya tarehe 25, watu wakishashiba, hukaa mlangoni na kuwataja watoto wake mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba. Aliyepo huitikia. Asiyekuwepo huulizwa habari zake kwa sauti, na ndugu aliye karibu naye ndiye anayejibu. Hapo ndipo unapohesabiwa, na kwa kweli ni raha kuwa karibu ukaitikia mwenyewe.

Desemba kuna baridi?

Si ile unayoifikiria. Kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti, ndipo ukungu hukaa mpaka saa tano na watu hutembea na makoti. Desemba ni mwisho wa vuli: mchana joto, Moshi mjini joto kali, lakini ukipanda kuelekea msituni jioni huwa na ubaridi na mvua inaweza kushuka bila taarifa. Chukua sweta moja, viatu visivyoogopa tope, na soksi za kulalia kwa watoto. Mlima wenyewe utauona vizuri asubuhi na mapema. Wingu likishapanda, unaweza kupita siku nzima bila kuuona tena.

Nikate tiketi ya basi lini?

Mwezi mmoja kabla. Sikutishi. Kuanzia tarehe 18 hivi kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis hujaa mpaka pa kusimama hapapatikani, na tarehe 22 na 23 ndizo mbaya kuliko zote. Safari ni zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, ndipo Moshi. Ukiwa unakwenda Marangu au Rombo, shuka Himo. Kuna haisi na Noah za kupanda juu, na utaokoa muda wa kwenda mjini na kurudi.

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hutangaza nauli za ukomo, na Desemba hii ndiyo wakati wa kuzijua kwa kichwa. Dai tiketi ya kielektroniki yenye jina lako, namba ya kiti na nauli uliyolipa. Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nilimpa fedha kijana aliyenifuata na kitabu cha tiketi mkononi, nikapewa kiti namba 14, na nilipoingia ndani nikamkuta mama mwenye mtoto mchanga amekaa kwenye kiti namba 14, naye ana tiketi yake halali. Sikuweza kumwinua. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, kwenye njia ya katikati, kutoka Mbezi mpaka Korogwe, ambapo abiria mmoja alishuka. Tangu hapo nakata mwenyewe ofisini au mtandaoni, na kila mwaka najuta kidogo kwa kutokata mapema zaidi.

Treni je?

Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Haiendi kila siku, kwa hiyo thibitisha ratiba na Shirika la Reli kabla ya kupanga chochote. Ni ya taratibu. Kwa mwenye watoto wadogo, mzigo mwingi na muda, mimi naipenda: mtoto anatembea, mtu mzima ananyoosha miguu, na asubuhi mnaamka milima ya Upare iko dirishani.

Kuna ratiba ya sherehe? Nini hufanyika siku gani?

Hakuna ratiba moja ya mlima mzima, na usitegemee tangazo. Kila parokia, kila usharika na kila ukoo una mipango yake, na mingi utaisikia ibadani au kwa jirani. Lakini mkondo wa siku unafanana.

Tarehe 24 nusu ya watu bado wako njiani. Walioko nyumbani wanafagia uwanja, wanafyeka njia, wanasafisha makaburi na kuweka maua. Usiku kuna ibada ya mkesha. Ukifika siku hiyo na nguvu bado zipo, usiende kulala kwanza. Shika fyekeo au ufagio. Mama zetu huanza maandalizi wiki mbili kabla, na wengi wao sasa ni watu wazima wanaoishi peke yao na mjukuu mmoja.

Tarehe 25 ni kanisani. Watu hujaa mpaka nje, viti vya plastiki hupangwa chini ya miti, na kwaya zilizofanya mazoezi tangu Oktoba hupata siku yao. Nenda mapema, kwa sababu nusu ya ibada ni kusalimiana baada ya ibada, na hapo utakutana na mwalimu wako wa darasa la tatu. Mchana watu hula nyumbani kwao. Ni siku tulivu kuliko wageni wanavyotarajia.

Tarehe 26 ndiyo siku ya nyama na ukoo. Mbuzi huchinjwa, au familia kadhaa huchangia ng'ombe. Hapa ndipo ningependa kila kijana wa mjini asimame karibu aangalie, aweke simu mfukoni. Majani ya mgomba yanatandazwa chini, nyama inapangwa juu yake mafungu mafungu, na mzee mmoja anasimama na kisu akiita. Nyama haigawiwi ovyo. Kipo kiungo cha babu, kipo cha mjomba, kipo cha dada aliyeolewa, kipo cha aliyechinja, na mpangilio hutofautiana ukoo kwa ukoo. Kila fungu linapochukuliwa unaelezwa uhusiano: huyu ni nani kwako, alitoka nyumba ipi, kwa nini anapewa hiki na siyo kile. Mimi ukoo wangu niliujifunza pale, kwenye majani ya mgomba, nikiwa nimeshika beseni na kulipeleka kila nyumba iliyotajwa. Mwaka ambao mzee wetu mgawaji alifariki tulisimama tukatazamana, maana hakuna aliyekuwa na uhakika wa mpangilio wote. Tuliukamilisha kwa kumpigia simu shangazi. Tafadhali muulize mzee wenu akiwa bado yupo.

Tarehe 27 hadi 30 ni za shughuli: harusi, kipaimara, komunio ya kwanza, kupeleka mahari, kubariki nyumba mpya, kumbukumbu za marehemu, na kikao cha ukoo. Siku moja unaweza kuwa na mialiko minne. Huwezi kuhudhuria yote, na heshima si kukimbia dakika kumi kila mahali. Chagua miwili, kaa mpaka mwisho, kwingine tuma mtu wa familia na salamu.

Tarehe 31 ni mkesha tena, na 1 Januari ni ibada na kuombewa baraka na wazee. Kisha nyumba zinaanza kupwaya.

Mbege inatengenezwaje, na ni lazima ninywe?

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi, na ndiyo inayoamua kalenda ya mama jikoni. Ndizi huvundikwa mpaka ziive kabisa, humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi kwenye pipa juu ya kuni hadi zigeuke rangi ya udongo mwekundu. Huachwa siku kadhaa zichachuke. Wakati huo ulezi ulioloweshwa, ukaota na kukaushwa husagwa na kupikwa uji mzito. Mwishoni ndizi huchujwa, maji yake huchanganywa na ule uji, na gome la msesewe hutiwa kwa kipimo ili kuleta uchungu wake. Gome likizidi, pombe hainyweki. Likipungua, wazee watakwambia wamepewa juisi.

Ukitaka kujua sikukuu imebebwa na nani, amka saa kumi na moja siku ya kuchuja. Mama yangu huinama juu ya beseni mikono ikiwa ndani mpaka viwiko, anakamua, anatupa makapi kwenye ndoo ya ng'ombe, anakamua tena. Mgongo haunyooki mpaka jua litoke. Nilikuwa na miaka zaidi ya 30 nilipoufanya uchujaji huo mara ya kwanza, na nilipomaliza ndoo tatu nilielewa kwa nini kila mwaka alikuwa analala mapema siku ya Krismasi. Ukisikia mtu anasema mbege ya mwaka huu ni nyepesi, muulize kama alikuwepo kwenye kuchuja.

Kunywa si lazima. Mwenyeji huonja kwanza mbele yako, kisha hukupa kata. Usiyekunywa pombe pokea kwa mikono miwili, shukuru, mpe aliye jirani yako. Hakuna atakayekasirika. Kinachoudhi ni kukunja uso au kuuliza mbele ya watu kama maji yalichemshwa. Chai ya maziwa na soda huwa zipo. Na anayeendesha gari asionje kabisa, nitalirudia hili mbele.

Tutakula nini?

Ndizi, kwa namna ambazo hujazidhania. Mtori ni ndizi mchare zilizopikwa na nyama mpaka zikavurugika kuwa supu nzito. Ndiyo chakula cha asubuhi yenye ubaridi na cha mama aliyejifungua. Machalari ni ndizi na nyama zikiwa vipande. Kiburu ni ndizi na maharage. Kisusio ni supu yenye damu ya mnyama, huliwa siku ya kuchinja, na asiyekula hasemi chochote zaidi ya ahsante. Kwenye harusi utaona ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa akiletwa amesimama kama yuko hai. Siku hizi pilau nayo haikosi.

Mgeni Mwislamu asihofu. Kuna Wachaga Waislamu, na nyumba nyingi humwita Mwislamu achinje ili kila anayekuja ale. Mwambie mwenyeji mapema, siyo wakati sahani iko mkononi.

Nimeolewa Uchagani, au nimeoa huko, na huu ni mwaka wangu wa kwanza. Nifanyeje?

Kwanza, usiogope lugha. Kichaga chenyewe ni vingi. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana mara nyingi hurudi kwenye Kiswahili. "Shikamoo" ya Kiswahili inatosha kabisa, ukiitoa kwa kusimama na kuinama kidogo. Ukijifunza salamu moja ya kwao kutoka kwa mumeo au mkeo, itakufungulia mlango kuliko zawadi yoyote.

Pili, mpangilio wa kusalimu. Ukifika, mizigo ibaki garini. Babu na bibi kwanza, kisha baba na mama mkwe, kisha wakubwa wa baba kabla ya wadogo wake. Kupita nyumba ya baba mkubwa ukaanza kwa baba mdogo kwa sababu iko njiani ni jambo dogo kwako, na litazungumzwa mpaka Pasaka.

Tatu, zawadi. Sukari, mchele, majani ya chai, sabuni, mafuta ya kupikia, kitenge au khanga kwa mama, blanketi zuri kwa wazee. Vitu vya kutumika. Fedha mpe mama mkwe mkononi, faraghani. Baba mkwe naye kivyake. Usimkabidhi mmoja ukadhani watagawana.

Nne, na hili ndilo nawaomba kuliko yote: usikae sebuleni ukisubiri kuhudumiwa. Siku ya kwanza wewe ni mgeni, watakukataza, na ukubali. Siku ya pili ingia jikoni, menya ndizi. Paka mafuta mikononi kwanza kwa sababu utomvu wa mchare hauondoki kwa sabuni. Ndizi utamenya vibaya, watakucheka, mmoja atakushika mkono akuonyeshe kisu kinavyokaa. Mke wa mdogo wangu alitoka Mtwara, na mwaka wa kwanza alimenya mkungu mzima huku ganda likiondoka na nusu ya ndizi. Mama alichukua maganda yale akampa ng'ombe, akasema, "Leo na ng'ombe kala sikukuu." Mpaka leo yule ndiye mkwe anayepigiwa simu wa kwanza.

Wanaume wakwe nao wasisahau kwamba kuni zinapasuliwa na mtu.

Nimeona watu wanabeba jani refu la kijani. Ni nini?

Ni isale. Hupandwa mpakani mwa vihamba na kwenye makaburi, na kwetu ni jani la amani. Aliyemkosea mwenzake akimwendea na isale mkononi, aliyekosewa hapaswi kumfukuza. Huweza kukasirika, huweza kusema yote yaliyomjaa moyoni, lakini lazima amsikilize.

Desemba ndiyo wakati wake, kwa sababu ndipo watu wote wapo. Ugomvi mwingi ni wa ardhi: mpaka uliosogezwa, mgomba uliokatwa, kaka aliyejenga penye haki ya mwenzake. Mwaka mmoja baba zangu wadogo wawili, waliokuwa hawasalimiani, walikaa kwenye kikao cha ukoo kila mmoja upande wake. Katikati ya kikao mkubwa alitoka nje. Tulidhani ameondoka. Alirudi na jani la isale, viatu vina tope, akalishika mbele ya mdogo wake bila kusema neno. Mdogo alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba tulisikia kuku nje. Kisha akalipokea. Mpaka wenyewe ulikuja kupimwa siku mbili baadaye na wazee wa pande zote.

Ukiwa mgeni na jambo hili likatokea mbele yako, usipige picha.

Michango ni mingi. Nijipangeje?

Ni mingi kweli. Kuna kanisa linaloezekwa, kuna shule ya msingi, barabara ya kijijini, harusi tatu, mgonjwa wa ukoo. Weka fungu lako kabla ya kuondoka mjini na ulifuate. Anza na kilicho cha karibu: dawa za mzazi, bati la nyumba inayovuja, ada ya mtoto wa ndugu. Ahadi unayotoa kwenye kipaza sauti na usiilipe inaumiza kuliko kukaa kimya, kwa sababu mhasibu wa kamati ni jirani yako, na ndiye atakayemfuata mama yako Februari.

Mnada wa baada ya ibada ni jambo la furaha, usiukwepe. Waliokosa fedha hutoa mkungu wa ndizi, kuku, mayai, parachichi, na vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Mkungu mmoja unaweza kununuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena mara tatu, na mwisho ukapelekwa kwa mjane wa jirani.

Watoto wetu wamezaliwa mjini. Watachoka huko bila intaneti?

Mtandao upo sehemu nyingi, na hilo ndilo tatizo. Wape kazi. Mtoto wa miaka saba anaweza kuokota mayai, wa kumi anaweza kukata majani ya ng'ombe akiwa na mkubwa. Ng'ombe wetu hukaa zizini, haendi malishoni, kwa hiyo kila mdomo wa majani umebebwa na mtu. Mtoto akilijua hilo, maziwa ya asubuhi huyanywa kwa namna nyingine.

Mtembeze kihambani na babu yake. Juu kabisa kuna miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, na kiazi kikuu kimepanda mti kwa kamba zake. Mwonyeshe mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na wazee kutoka juu, na umweleze kwamba kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji. Binti yangu aliuliza nani aliuchimba huu wa kwetu. Babu yake alitaja jina la babu wa babu yake, na yule mtoto akashusha mkono akagusa maji.

Mimi si Mchaga na sina ndugu huko. Naweza kuja?

Karibu. Ukiwa na rafiki aliyekualika, njoo nyumbani, ndiko kuzuri. Usipokuwa naye, panga malazi mapema kwa sababu Moshi na Marangu hujaa wenyeji na wapanda mlima kwa pamoja. Maporomoko ya Materuni na Kinukamori, pamoja na Ziwa Chala mpakani na Kenya, vinatosha kujaza siku kadhaa. Kanisani unakaribishwa bila mwaliko. Kwenye kikao cha ukoo hapana.

Usalama ukoje?

Vijijini ni kwema. Hatari ni barabara. Dereva aliyetoka Dar usiku kucha, akalala saa mbili, akanywa mchana, kisha akashusha gari la familia jioni kwenye kona za mlimani, huyo ndiye anayegeuza sikukuu kuwa msiba. Tumezika. Kila gari liwe na dereva asiyekunywa, mumtaje jina asubuhi mbele ya watu wote, na funguo akae nazo yeye. Bodaboda usiku, kwenye mteremko wenye tope, acheni. Laleni hapo hapo, mikeka ipo.

Mwaka huu siwezi kwenda. Nifanye nini?

Sema mapema, mwanzoni mwa Desemba, usisubiri tarehe 24 mama akiwa amekuwekea kitanda. Tuma kwa simu fedha za ulezi na sukari kabla mbege haijaanza, maana baada ya hapo bei sokoni imeshapanda. Tarehe 25 jioni piga, omba simu iwekwe sauti, na usubiri zamu ya jina lako.

Watu huondoka lini, na nibebe nini kurudi mjini?

Kuanzia tarehe 2 Januari mabasi yanajaa tena, na yanabaki hivyo mpaka shule zifunguliwe. Tiketi ya kurudi ikatwe siku moja na ya kwenda. Nenda na begi moja tupu, kwa sababu hutaruhusiwa kuondoka mikono mitupu: mchare, parachichi, magimbi, viazi vikuu, kahawa iliyokaangwa nyumbani. Mkungu ufungwe kwa majani makavu ya mgomba na kamba yake, uandikwe jina kwa kalamu nene, vinginevyo Mbezi utagombana na mtu mwenye mkungu unaofanana na wako.

Lakini usiondoke alfajiri ukaacha uwanja ulivyo. Siku moja kabla, rudisha viti kwa uliowaazima, sugua masufuria ya jirani mpaka masizi yatoke, osha mapipa ya mbege na uyaweke juani yakiwa yameinamishwa. Kata majani ya ng'ombe ya siku tatu, uyalaze kivulini karibu na zizi, mahali ambapo mama atayafikia bila kuinama.